Mbwa akikatwa mguu, itazame ile mitatu iliyobaki

Watu wakisikia mbwa amekatwa mguu huuliza jambo moja tu: atatembea? Atatembea. Popi, mbwa wangu wa hapa Mabatini, Mwanza, aligongwa na bodaboda, mguu wa mbele wa kulia ukasagika hata ukawa hauungiki tena, na daktari wa mifugo akauondoa kuanzia begani. Kesho yake alishasimama, anayumbayumba, anatafuta bakuli. Mbwa wengi husimama ndani ya siku moja au mbili, na hapo ndipo wenye mbwa hujisahau. Wakiona anarukaruka, wanadhani amepona.

Mbwa hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele. Ukiondoka mmoja, mwenzake unabeba sehemu kubwa ya mzigo huo: bega linachoka, mgongo unapinda, na baada ya muda kifundo kinaweza kulegea kikawa kinalala chini. Aliyekatwa wa nyuma ana nafuu kidogo, ila naye hulazimika kuuvuta uliobaki uje katikati ya mwili, na nyonga na goti ndivyo vinavyoumia.

Mpaka nyuzi zitoke, kwa kawaida siku 10 hadi 14, hakuna mazoezi ya maana. Anatoka kujisaidia akiwa kwenye kamba, anarudi kulala, na kola ya plastiki haivuliwi kwa kumwonea huruma, maana akiramba mshono utafumuka. Khanga iliyokunjwa ipite chini ya kifua kwa aliyekatwa mguu wa mbele, au chini ya tumbo karibu na nyonga kwa wa nyuma, pasipo kugusa kidonda. Usimnyanyue. Shikilia tu, ili akipepesuka akute kitu. Mshono ukitoa usaha au harufu, rudi kwa daktari siku hiyo hiyo.

Na tafadhali, dawa zako za maumivu zibaki kabatini. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Panadol nayo usimpe kwa kukisia. Akishtuka na kulia ghafla huku akigeukia pale mguu ulipokuwa, mwambie daktari. Yale ni maumivu ya kweli ya mishipa ya fahamu, na yana dawa yake.

Jambo la kwanza nililobadilisha nyumbani ni sakafu. Marumaru zinateleza, na mbwa wa miguu mitatu akiteleza mara kadhaa anaanza kuogopa kusimama. Tandaza vipande vya kapeti lenye mpira chini kutoka anapolala hadi mlangoni, na mpunguze kucha.

Nyuzi zikishatoka, zoezi ninaloliamini kuliko yote ni kutembea polepole. Linaonekana jepesi, kumbe ndilo gumu. Akikimbia, kasi inamsaidia kuruka pengo la mguu uliokosekana. Akienda taratibu inabidi misuli imshike kila hatua. Anza na dakika tano, mara tatu au nne kwa siku, uongeze kidogo kidogo. Matembezi marefu ya Jumapili baada ya wiki nzima ya kulala humuumiza tu. Akihema kupita kawaida, akitetemeka au akikaa chini katikati ya njia, mmemaliza.

Zoezi la pili ni la dagaa. Popi akiwa amesimama, naweka dagaa mmoja mkavu, asiye na chumvi, mbele ya pua yake, kisha nausogeza mkono polepole hadi usawa wa mbavu. Shingo inafuata, uzito unahama, na unauona ule mguu mmoja wa mbele ukitetemeka kidogo, vidole vikijitanua kushika kapeti. Baadaye nikaongeza mto mgumu chini ya miguu ya nyuma.

Sisi wa milimani tuna shida ya mawe. Kupanda si tatizo kubwa kwa aliyekatwa mguu wa mbele. Kushuka ndiko kunakoutwisha ule mguu mmoja uzito mkubwa. Popi tunapanda naye, tukishuka nambeba au tunazunguka njia yenye mteremko mdogo. Jirani zangu wanacheka, wacheke.

Mtaniuliza kuhusu Ziwa Victoria. Ni kweli maji yanabeba uzito, na nchi nyingine wana matangi maalumu ya kuwatembezea mbwa ndani ya maji. Lakini pwani yetu ina kichocho, na wewe utakayesimama majini kumshikilia ndiye utakayekipata. Mamba nao wapo sehemu nyingine. Nampeleka mchangani, mbali na maji, basi.

Kazi ngumu kuliko zote imekuwa majirani. Kila mtu anamwonea huruma Popi, anamrushia mapanki, yaani mabaki ya samaki, na kila kilo inayoongezeka inaangukia miguu mitatu. Mbavu zake uzihisi kwa vidole bila kubonyeza kwa nguvu. Usipozihisi, punguza ugali. Kila unapompeleka chanjo, mwombe daktari amkague kifundo na bega, hata kama mbwa anaonekana mzima.