Kabla hujaongeza Xfce kwenye Ubuntu yako, soma yaliyonikuta

Laptopu yangu ina RAM ya giga 4, na Ubuntu niliyoiweka (mfumo endeshi wa familia ya Linux) ilikuja na GNOME, yaani mazingira yake ya eneo-kazi: madirisha, menyu na aikoni unazoziona kwenye skrini. Inapendeza, sikatai, lakini nikifungua kivinjari na programu ya kuandikia kwa pamoja, feni inaanza kulalama na kishale kinajivuta. Nikaamua kuongeza Xfce, mazingira mengine yaliyo mepesi zaidi. Kwenye Linux mazingira ya eneo-kazi ni programu kama programu nyingine: unaweza kuwa nayo mawili au matatu kwenye mashine moja, ukachagua unalotaka kila unapoingia, na faili zako zikabaki palepale.

Kosa langu lilikuwa pupa. Kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, niliandika amri ya kusakinisha, `sudo apt install xubuntu-desktop`, nikabonyeza Enter, nikaenda kuoga. Kumbe kifurushi hicho hakileti Xfce peke yake. Kinaleta Xubuntu nzima, yaani toleo la Ubuntu linalotumia Xfce, na programu zake, mandhari zake, hadi picha ya kuwashia kompyuta. Niliporudi nilikuta terminali imesimama, kisanduku cha kijivu katikati kinaniuliza: gdm3 au lightdm? Sikujua hata kimoja ni nini. Nikashuka kwa mshale hadi lightdm, kwa kuwa jina lilinionyesha wepesi, na mimi wepesi ndio niliokuwa nautafuta. Nikawasha upya. Skrini nyeusi tii.

gdm3 na lightdm ni programu zinazokuonyesha ukurasa wa kuingia. Moja tu ndiyo inayokaa mlangoni, na haina uhusiano na kasi ya kompyuta ukishaingia. gdm3 inakuingiza Xfce bila taabu yoyote, na GNOME yenyewe inaitegemea hiyohiyo kufunga skrini. Kwa hiyo ukiulizwa, baki na uliyonayo.

Na ukishakwama kama mimi, usikimbilie kusakinisha mfumo upya. Bonyeza Ctrl+Alt+F3. Utapata skrini ya maandishi matupu inayoomba jina na nenosiri. Unapoandika nenosiri hakuna nyota wala nukta itakayotokea. Mimi nilidhani kibodi nayo imekufa. Endelea kuandika tu, kisha Enter. Halafu andika `sudo dpkg-reconfigure gdm3`, amri inayokurudishia lile swali, chagua gdm3, na umalizie kwa `sudo reboot`. Dakika mbili, baada ya saa nzima ya jasho.

Siku hizi nasakinisha `xfce4`, kifurushi kidogo, na orodha inayotokea kabla ya kukubali naisoma yote. Kisha nafungua akaunti ya majaribio: `sudo adduser jaribio`. Hatua hii wengi wanairuka, na kwangu ndiyo yenye faida kuliko zote. Mipangilio ya kila mtumiaji inakaa kwenye folda zake zilizofichwa, hasa `.config`, na mazingira mawili yakichangia folda hiyo moja huanza kugombania: fonti zinabadilika, aikoni zinageuka, ukibofya folda inafunguka kwa programu usiyoitarajia. Ndani ya akaunti ya majaribio vuruga upendavyo; ukichoka, ifute.

Kuingia Xfce ni hivi: kwenye ukurasa wa kuingia bofya jina lako kwanza, ndipo alama ya gurudumu lenye meno itatokea pembeni chini. Watu huitafuta kabla ya kubofya jina, hawaioni, wakadhani usakinishaji umeshindikana.

Ukitaka kujua kama umepata nafuu, andika `free -h` kwenye kila mazingira kabla hujafungua kitu, kisha linganisha. Kwangu tofauti ilikuwepo na niliihisi. Lakini kivinjari chenye vichupo 20 kitakula RAM ileile popote utakapokifungulia, hilo Xfce haiwezi kulizuia. Pia nilipoteza kupangusa kwa vidole vitatu kwenye padi ya kugusa, na wiki nzima vidole vyangu viliendelea kupangusa bure.

Kuondoa ni kugumu kuliko kuweka. Ukiandika `sudo apt remove xubuntu-desktop`, kinachotoka ni kile kifurushi mama tu. Mzigo wenyewe unabaki mpaka uandike `sudo apt autoremove`, amri ya kufagia vifurushi visivyohitajika tena, na hata hapo huenda mabaki yakabaki. Kilichoniokoa ni faili ya `/var/log/apt/history.log`. Humo kila kifurushi kimeandikwa na tarehe kilipoingia. Nilitafuta siku ile niliyoenda kuoga, nikaondoa kimoja kimoja.

GNOME sijaitoa. Nikichomeka skrini kubwa ya nje narudi kwake, maana inaniruhusu kuipa kila skrini ukubwa wake wa maandishi. Siku nyingine zote niko Xfce, na feni imenyamaza.