OPA inakataa kila ombi podi inapoanza upya

Ndugu, umesema podi (kifurushi kinachoendesha programu) ya OPA, yaani Open Policy Agent, programu inayoamua kwa sera nani aruhusiwe, inaonekana iko tayari kwenye Kubernetes, mfumo unaosimamia podi, lakini kwa sekunde kadhaa baada ya kuanza upya watumiaji wote wanakataliwa. Usiziguse sera zako kwanza. Dalili hizo ni za OPA kuwaka kabla haijamaliza kupakua bando la sera, yaani furushi la sera inalolichukua kwenye seva. Swali likiingia wakati huo halipati uamuzi wowote, na programu yako, kama inavyotakiwa, inauchukua ukimya huo kuwa "hapana".

Fungua faili lako la YAML, lenye mipangilio ya podi, uangalie readinessProbe, kipimo kinachoiambia Kubernetes kama podi iko tayari kupokea maombi. Bila shaka inaita /health, anwani ya kuulizia hali ya OPA, peke yake. Iandike /health?bundles, ili maombi yasipelekwe mpaka bando limeshapakiwa. Ila livenessProbe, kipimo cha kama podi iko hai au iwashwe upya, iache na /health tupu, tafadhali sana: ukiweka bundles huko, siku seva ya mabando ikizimika, podi mpya zitauawa na kuwashwa tena bila kikomo. Niliwahi kukesha usiku mzima kwa kosa hilo.

Kama umeshahamia toleo la 1.0 la OPA, lenyewe husikiliza localhost tu, yaani maombi ya kutoka ndani ya podi yenyewe; ongeza --addr=0.0.0.0:8181, la sivyo vipimo hivyo havitaifikia.

Ulichouliza mwishoni, OPA iwe huduma ya pamoja au ikae podi moja na programu yako: mimi ningeiweka podi moja. Ruhusa huulizwa kwa kila ombi, na hapo unaepuka safari ya mtandao. Gharama yake ni memori, maana kila nakala hubeba sera na data zote.