Tachidauni ni pointi 6: kwa wanaoanza kukaa kwenye ubao wa matokeo

Wazazi Waswahili wenye watoto kwenye timu za shule za futiboli ya Kimarekani huku Marekani wanazidi kuombwa wasaidie meza ya matokeo Ijumaa usiku. Ukiombwa, kubali. Kazi hii naipenda sana, na mengi utayajua kwa kutazama tu: yadi, hesabu ya majaribio ya kila shambulizi, saa inaposimama na inapotembea. Lakini kuna kipande kimoja ambacho karibu kila mgeni hukidharau, nacho ni lile jaribio moja linalotolewa mara baada ya tachidauni, yaani mpira kufikishwa ndani ya eneo la kufungia mwishoni mwa uwanja. Jukwaa linashangilia, watu wanainuka kwenda kununua bisi, na huku uwanjani mechi inaamuliwa.

Kwanza kabisa, futa namba 7 kichwani mwako. Tachidauni ni pointi 6, na imekuwa hivyo tangu 1912. Refa akinyoosha mikono yote miwili juu, angalia kwanza kama kuna kitambaa cha njano chini, ishara ya kosa. Kikiwepo, usiguse kitufe, subiri tamko. Hakipo, weka 6 na utulie. Ya saba haiji yenyewe.

Kwenye sekondari mpira huwekwa yadi 3 kutoka mstari wa goli, na timu huchagua: kupiga mkwaju upite katikati ya milingoti kwa pointi 1, au kuuingiza tena kwenye eneo la kufungia kwa kukimbia au kwa pasi, kwa pointi 2. Vyuo nao wako yadi 3, na ndio walioanzisha hili la pointi 2, mwaka 1958. NFL, ligi ya kulipwa, ilichelewa mno, ikalikubali 1994. Wa kwanza kulifanikisha huko alikuwa Tom Tupa wa Cleveland Browns. Yeye ndiye aliyekuwa amepiga goti kumshikia mpigaji mpira, na badala ya kuushika akakimbia nao mpaka ndani.

Hilo la Tupa likumbuke ukiwa mezani. Kwa kuwa sekondari mkwaju na jaribio la pointi 2 vyote huanzia mahali pamoja, hujui timu inataka nini mpaka mpira uondoke. Mtazame mshikaji. Amepiga goti kama yadi 7 nyuma ya mahali mpira unapoanzia, mkono mmoja umenyooshwa mbele kama shabaha ya mwenzake anayemrushia mpira. Mpira ukimfikia ana kazi tatu ndani ya muda unaozidi sekunde moja kwa kidogo tu: kuudaka, kuusimamisha kwenye ncha, na kuuzungusha ili zile kamba za mshono zielekee kwenye milingoti, mbali na mguu wa mpigaji. Kamba zikigeukia mguu, mpira unaweza kwenda kombo. Watu humlaumu mpigaji, na mara nyingi kosa limeanzia mikononi mwa mshikaji au kwa aliyerusha mpira vibaya. Mshikaji akiinuka ghafla, basi andaa kidole kwenye kitufe cha 2.

Mkwaju wa NFL ni habari nyingine. Zamani ulikuwa wa yadi 20 hivi, na kufikia 2014 wapigaji walikuwa hawaukosi zaidi ya mara moja katika 100. Mwaka 2015 ligi ikausogeza nyuma: mpira unaanzia yadi 15, ukijumlisha yadi 10 za eneo la kufungia na 8 za mshikaji unapata 33. Tangu hapo mikwaju inakosekana, na kocha analazimika kufikiri. Jaribio la pointi 2 likabaki yadi 2, nalo hufaulu karibu nusu ya nyakati. Mabadiliko haya mimi nayaunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu yaliurudishia uhai mchezo ambao watu walishaacha kuutazama.

Sasa njoo kwenye hesabu, maana hapa ndipo utasikia jukwaa zima likimzomea kocha bila haki. Timu iko nyuma kwa pointi 14 na muda unayoyoma. Inafunga tachidauni, inabaki nyuma kwa 8. Kocha anasimamisha vidole viwili: twende pointi 2. Wazazi wanapiga kelele, "Piga mkwaju, usitumalize!" Mtoto wako atakuuliza kwa nini, kwa hiyo piga hesabu hii mwenyewe.

Chukulia timu itafunga tachidauni nyingine na wapinzani hawatapata kitu tena. Chukulia pia kwamba mkwaju haukosi, na jaribio la pointi 2 hufaulu nusu kwa nusu. Fikiria mechi 100 za namna hiyo. Ukipiga mkwaju mara zote mbili, zote 100 zinaisha sare na kuingia muda wa nyongeza, ambako utashinda kama 50. Ukianza na pointi 2, kwenye mechi 50 unafaulu, unabaki nyuma kwa 6, na tachidauni inayofuata pamoja na mkwaju inakupa ushindi wa pointi 1 bila muda wa nyongeza. Kwenye 50 zilizobaki unakosa, lakini hujafa: ukifunga tena unajaribu pointi 2 kwa mara ya pili, na 25 kati ya hizo zinaishia sare. Gawa hizo sare kwa mbili, jumlisha, unapata ushindi kama 62. Sitini na mbili dhidi ya hamsini. Siri iko kwenye kulitanguliza jaribio gumu, ili ujue mapema unadaiwa nini. Makocha walipiga mkwaju hapo kwa miaka mingi kwa mazoea tu.

Makocha wengi wa shule wanatembea na jedwali la lini kujaribu pointi 2, kwenye karatasi iliyofunikwa plastiki. Asili yake inarudi kwa Dick Vermeil, alipokuwa kocha msaidizi wa chuo cha UCLA mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baada ya tachidauni, ukiwa nyuma kwa 2 au 5, au mbele kwa 1 au 5, jedwali linakuambia jaribu pointi 2. Lishike kichwani, litakusaidia kukisia kinachokuja. Ila ujue shule nyingi ndogo hazina mpigaji wa kutegemewa, na hizo hujaribu pointi 2 kila mara, jedwali au hakuna jedwali.

Kuna uamuzi ambao hesabu peke yake haiuelezi. Januari 2, 1984, katika Orange Bowl, mechi kubwa ya vyuo, Nebraska walifunga tachidauni dakika ya mwisho wakawa nyuma ya Miami 31-30. Enzi hizo vyuoni hakukuwa na muda wa nyongeza: mkwaju ungewapa sare, na wengi waliamini sare ingetosha kuwapa ubingwa wa taifa. Kocha Tom Osborne akataka ushindi. Pasi ikaguswa na beki, ikaanguka, ubingwa ukaenda Miami. Wapo wanaomlaumu hadi leo. Mimi namheshimu mtu aliyekataa kutwaa kombe kwa sare.

Usiwasahau wanaozuia. Vyuoni tangu 1988, na NFL tangu 2015, timu inayozuia ikiupata mpira na kuukimbiza mpaka upande wa pili inapata pointi 2. Desemba 2016 Atlanta Falcons walikuwa wametoka kuwapita Kansas City Chiefs 28-27 na wakajaribu pointi 2. Eric Berry akainasa pasi, akaikimbiza uwanja mzima, Chiefs wakashinda 29-28. Kwenye sekondari za majimbo mengi hakuna kitu hicho: walinzi wakiupata mpira, filimbi inalia, jaribio limekwisha. Muulize refa kabla ya mechi, kwa sababu Texas, kwa mfano, wamecheza kwa miaka mingi kwa kanuni zinazotokana na za vyuo.

Mkwaju ukipigwa, macho yako yaende kwa waamuzi wawili waliosimama chini ya milingoti. Mikono juu, weka 1. Mikono ikipunga kupishana mbele ya kiuno, acha 6 ilivyo. Kelele za jukwaa zisikuhadae, maana ukiwa umekaa pembeni mpira uliopita nje ya mlingoti unaonekana kama umepita ndani.

Na wenye mabinti waliojiunga na flagi, futiboli isiyo ya kuangushana ambako mchezaji husimamishwa kwa kung'olewa kitambaa kiunoni, mchezo utakaoingia Olimpiki ya Los Angeles 2028: huko hakuna mkwaju. Kwa kanuni za kimataifa timu huchagua kuanzia yadi 5 kwa pointi 1 au yadi 10 kwa pointi 2, na nahodha humtajia refa chaguo lake kabla ya mpira kuwekwa. Sikiliza tamko hilo, uliandike.