Kwa anayeanza kurekodi sauti Mombasa: sikiliza chumba kwanza

Vijana wengi wanaonijia wakitaka kuingia kazi ya sauti huanza na swali moja: ninunue maiki gani? Nami huwauliza: utarekodia wapi? Maiki ya bei ya kadiri katika chumba kilichotulia itakupa sauti ya kufanyia kazi. Maiki ya bei ghali katika chumba kinachovuma itakuletea mvumo wote, hata ule ambao sikio lako halikuugundua.

Mimi nilijifunza hilo Mji wa Kale, siku nilipokwenda kumrekodi fundi mzee wa majahazi. Chumba kilinivutia: kuta nene za matumbawe, mazulia, mapazia mazito. Nikambandika mzee maiki kifuani, nikasikiliza kidogo kwa hedifoni, kisha nikazivua nikazining'iniza shingoni ili nimtazame usoni, kama adabu inavyotaka. Akaeleza vizuri mno jinsi mbao zinavyopindwa na jinsi kalafati inavyotiwa. Nilipofika nyumbani ndipo niliposikia kwamba friji ya ukumbini ilinguruma tangu mwanzo, na katikati ya sentensi yake tamu kuliko zote ikajizima. Mvumo usiokatika sikio huuzoea; ukikatika ghafla, kila mtu hushtuka. Nilipoanza kupanga majibu upya, sentensi moja ina mvumo, inayofuata haina. Nikarudi wiki ya pili. Mzee alinikaribisha kwa moyo mkunjufu, lakini alieleza yale yale kwa mkato, kama mtu aliyekwisha kuyatoa kifuani.

Tangu siku hiyo hedifoni hazitoki masikioni mwangu, na mwenye nyumba namweleza mapema kwa nini. Baada ya salamu huomba: "Mzee, niruhusu nikae kimya dakika mbili niisikilize nyumba." Nafumba macho. Panka, pampu ya maji, taa ya mrija, chaja iliyosahauliwa ukutani, vyote huanza kujitaja. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo wake hukaa kwenye 50 na 100, na hapo karibu na 100 ndipo sauti nzito ya mwanamume inapoanzia. Ukiukata baadaye kwa programu, unamkata na kifua chake. Bora kuzima. Friji nikiizima, natia funguo zangu za nyumba ndani yake. Siwezi kuondoka bila kuzifuata, kwa hiyo siwezi kusahau kuiwasha tena na kuharibu samaki wa watu.

Sasa chumba chenyewe. Vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hazina urefu wa kufika mbali. Upana mara nyingi huwa karibu mita 2.8. Kwa joto la nyuzi 30 sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Gawanya hiyo kwa upana mara mbili, yaani mita 5.6, utapata hezi 62. Hapo ndipo kuta mbili zinaporushiana sauti na kuivimbisha, na tena kwenye 125 hivi, ambako waume wengi huzungumza. Jaribu mwenyewe: simama ndani, vumisha "mmm" ukiipandisha taratibu kutoka chini. Utafika mahali chumba kizima kinaitikia. Mvumo huo wa 125 huwa mnene zaidi katikati kabisa ya chumba na kando ya ukuta, basi usimkalishe mtu hapo wala usiweke maiki hapo. Sogea nusu hatua, sikiliza, sogea tena. Hakuna kifaa cha kununua kinachoshinda nusu hatua hiyo.

Nakusihi, usibandike trei za mayai. Hazizuii kelele za nje, maana hiyo ni kazi ya uzito na ya kuziba mapengo, kuanzia lile la chini ya mlango. Na ndani hunyonya masafa ya juu tu, yaani sauti nyembamba. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita tatu na nusu. Karatasi ya unene wa vidole viwili haina la kulifanya. Matokeo yake ni chumba chenye sauti iliyofifia juu na inayovuma chini, kibaya kuliko ulivyokikuta. Tumia vitu vinene. Godoro la sufi ulilorithi kwa bibi ni mali: nyuzi za sufi ni mirija mitupu iliyojaa hewa, na ukilisimamisha kwenye pembe, mbali kidogo na ukuta, utasikia tofauti siku hiyo hiyo. Leso moja iliyotundikwa haifanyi kitu. Blanketi nzito zilizokunjwa mara nne zinafanya.

Halafu karibia. Ukipunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maiki, sauti ya msemaji huongezeka kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti), na mwangwi wa chumba hubaki palepale. Kwa mwimbaji wa studio ya nyumbani mimi huanza na shibiri moja, maiki ikiwa pembeni kidogo ya mdomo ili "p" na "b" zisiipige. Maiki ndefu ya kuelekeza iache kwa kazi za nje. Chumbani marudio ya kuta huichanganya. Nje nako, ufukweni wakati wa kusi, sponji peke yake haitoshi, ivishe maiki manyoya.

Mipangilio ya rikoda haina mengi: kilohezi 48 (sauti kupimwa mara 48,000 kwa sekunde) kwa kazi ya filamu, biti 24 (undani wa kila kipimo), vilele vya sauti visipite desibeli 12 chini ya kikomo cha rikoda. Na hewa yetu ina chumvi na unyevu, basi maiki ilale kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu.

Ratiba yako ifuate nyakati za swala. Adhana ikianza, tunanyamaza. Ni heshima, na kazi pia inataka hivyo, kwa sababu sauti inayoendelea nyuma ya maneno haikatiki bila kusikika: ukiondoa sentensi moja ya msemaji, adhana nayo inaruka neno, na hilo mji mzima utalisikia. Honi ya tuktuk au kunguru mmoja unaweza kumwondoa kati ya maneno mawili. Studio ya nyumbani, rekodi baada ya saa sita usiku, panka ikiwa imezimwa, na upumzike kila baada ya nusu saa maana joto humchosha mwimbaji kabla ya sauti yake.

Na mahojiano yakiisha, usiruhusu mtu ainuke. Waombe wote wabaki walipo, msemaji, jamaa zake na watoto waliokuja kutazama, kimya kwa dakika moja, rikoda ikiendelea. Miili yao pia hunyonya sauti. Wakitoka, ukimya unabadilika. Hiyo dakika ndiyo utakayoshonea mapengo yote ya uhariri. Kisha shukuru, zima rikoda, nenda ukachukue funguo, uwashe friji.