Karatasi za Baba Zimeandikwa "Arumeru": Twende Halmashauri Ipi?

SWALI: Marehemu baba ametuachia shamba la migomba na kahawa Nkoaranga, mkoani Arusha. Karatasi zake zote zimeandikwa "Halmashauri ya Wilaya ya Arumeru", nayo tunaambiwa haipo. Tunataka hati ya kimila, ile ya kumiliki ardhi ya kijiji. Tuanzie wapi?

JIBU: Poleni kwa msiba. Halmashauri ya Arumeru iligawanywa ikazaa mbili: Meru, yenye makao yake Usa River, na Arusha, ile ya wilaya, si Jiji la Arusha. Mkuu wa Wilaya ya Arumeru bado yupo, ndiyo maana jina linaendelea kusikika. Wengi hukosea hapo: wanasoma "Halmashauri ya Arusha" wanaishia ofisi za Jiji, na siku imepotea.

Kwa hiyo msifuate jina la wilaya, fuateni la kijiji na kata. Nkoaranga, Poli, King'ori, Leguruki na Ngarenanyuki ziko Meru. Kisongo, Mateves, Musa, Oldonyosambu na Mlangarini ziko Arusha ya wilaya. Moshono na Murieti, zilizokuwa Arumeru, sasa ni za Jiji, na ardhi ikishaingia mjini hati ya kimila haipo tena. Huko ni upimaji na hati miliki.

Kabla ya yote malizeni mirathi, kwa sababu kijiji hakiwezi kuandika ardhi kwa jina la marehemu. Ukoo ukae, umpendekeze msimamizi, muhtasari wa kikao usainiwe. Peleka muhtasari huo na cheti cha kifo Mahakama ya Mwanzo, ujaze Fomu Namba I, ya kuomba usimamizi wa mirathi. Ukiteuliwa utapewa Fomu Namba IV, ya uteuzi wa msimamizi. Hiyo ndiyo inayokupa nguvu ya kusimama mbele ya kijiji.

Kisha nenda kwa mtendaji wa kijiji. Uliza kwanza kama kijiji kina Cheti cha Ardhi ya Kijiji, maana bila hicho hati zenu hazitatoka. Halmashauri ya kijiji ina siku 90 za kuamua ombi lenu. Siku ya kuhakiki mipaka waiteni majirani wa pande zote, hata yule mliyenuniana naye. Asipokuwepo ndiye atakayepinga baadaye. Kule Mlima Meru mpaka mara nyingi ni safu ya masale (mimea ya kuonyesha mpaka) au mfereji wa maji, na mfereji huhama. Pandeni masale mapya palipo na pengo, jirani akiona. Hati husainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, kisha husajiliwa na afisa ardhi wa wilaya.

Cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa Arumeru kiacheni kilivyo. Angalieni tu tahajia: Singisi na Sing'isi ni mahali pamoja.

SWALI: Wameru wa Arumeru ni ndugu wa Wameru wa Kenya? Na Waarusha ni Wamasai?

JIBU: Wameru hawa lugha yao, Kirwa, iko karibu na Kichaga cha Machame; kufanana jina na wa Kenya kusikupoteze. Ni hao waliofukuzwa na serikali ya kikoloni Engare Nanyuki mwaka 1951, na mwakilishi wao Kirilo Japhet akalifikisha shauri lao Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Waarusha wanazungumza Kimaasai na wana marika kama Wamasai, lakini ni wakulima waliotulia mlimani tangu karne ya 19, na jina lao ni Waarusha. Jina Arumeru limeunganisha hao wawili: Arusha na Meru.