Kompyuta uliyoiunga mwenyewe ikianza kujizima

Kompyuta ya kwanza niliyoiunga kwa mikono yangu iliishi dakika nne. Vipuri nilivinunua kimoja kimoja kwa miezi saba, vingine Kariakoo, vingine kwa watu wanaokwenda Dubai na kurudi na mizigo, nikawa navihifadhi chini ya kitanda ndani ya maboksi yake. Siku ya kuiwasha feni zilizunguka, taa zikawaka, skrini ikaleta BIOS, ule ukurasa wa mipangilio unaotangulia Windows. Nikapiga picha nikamtumia kaka yangu. Kabla hajajibu, mashine kimya. Nikawasha tena, ikakaa dakika mbili. Mara ya tatu, sekunde arobaini.

Leo ukinisimulia hivyo nitajua ugonjwa kabla hujamaliza. Siku ile sikujua. Nikasema ni pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, maana kitu kikizima ghafla akili ya kwanza inakwenda kwenye umeme, nikatoa laki moja na nusu nikanunua nyingine. Ikazima vilevile. Fundi mmoja mtu mzima, ambaye baadaye nilikuja kufanya naye kazi, ndiye aliyeniuliza swali ninalowauliza wateja mpaka leo: "Inakufaje?" Nikamweleza zile dakika nne, mbili, na sekunde arobaini. Akasema joto linabaki ndani, halina pa kutokea, fungua kipoza, kile chuma chenye feni kinachokaa juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta. Nikafungua. Kati ya shaba ya kipoza na pesti, ule uji unaopitisha joto, kulikuwa na kikaratasi cha plastiki, kimeandikwa kabisa kwamba kiondolewe kabla ya kufunga.

Mdogo wangu unayeanza, haya nayaandika kwa ajili ya laki na nusu yako.

Kabla hujanunua chochote, tazama mashine inavyokufa, kwa sababu vifo havifanani. Ikizima pu, kama mtu kachomoa waya, mshuku joto la prosesa au umeme. Ikiganda, picha imesimama na sauti inarudia neno moja kama redio iliyokwama, mimi huanza na RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, kisha draiva, yaani programu inayoiendesha kadi ya grafiki, kifaa kinachochora picha. Skrini ya bluu ina nafuu yake, kwa kuwa angalau inasema kitu. Ipige picha kabla haijaondoka. Ikiandika MEMORY_MANAGEMENT naenda kwenye RAM. Ikiandika WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, hapo vifaa vyenyewe ndivyo vinavyolalamika, na mara nyingi nakuta mwenye mashine amechezea kasi au voteji ya prosesa. Halafu kuna ile isiyokufa, inachoka tu: gemu linaanza vizuri, dakika kumi baadaye linakokota. Hiyo inajipunguzia kasi yenyewe isiungue.

Ukifungua Event Viewer ya Windows, daftari la matukio ya mashine, utakuta alama nyekundu na maneno Kernel-Power, namba 41. Vijana wengi wakiona neno "Power" wanakimbilia dukani kununua pawasaplai. Mstari ule unasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga. Chomoa waya ukutani kwa mkono wako mwenyewe, ukiwasha tena utaukuta umeandikwa.

Sasa joto, linaloleta watu wengi mezani kwangu. Pakua HWiNFO, programu ya bure inayosoma vipimo vya joto, uangalie joto la prosesa mashine ikiwa imetulia, kisha uipe kazi nzito, Cinebench, programu ya kuitesa prosesa, kwa dakika kumi inatosha. Namba isikutishe kabla hujajua prosesa yako ina ukomo gani. Ryzen 5 3600 ya AMD ukomo wake ni nyuzi 95, Core i5-12400 ya Intel ni nyuzi 100. Ryzen 7000 za juu, zilizotoka 2022, zimeundwa zipande mpaka 95 zikiwa kazini na zikae hapohapo. Niliwahi kupokea kijana aliyebadilisha vipoza vitatu akiikimbia hiyo 95, kumbe mashine ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Mimi naiamini grafu kuliko namba. Joto likipanda kama ukuta, kutoka 45 hadi ukomoni ndani ya sekunde chache, na si hizo Ryzen 7000 za juu, kipoza hakiigusi prosesa vizuri. Hapo tafuta plastiki kama yangu, pesti iliyosahaulika, skrubu moja isiyokaza, au waya wa feni uliochomekwa kwingine badala ya kwenye pini zilizoandikwa CPU_FAN. Joto likipanda kama kilima, polepole kwa dakika nyingi, kipoza ni kizima na shida ni hewa iliyochoka ndani ya kasha. Toa ubavu wa kasha urudie jaribio lilelile. Joto likishuka nyuzi nane au kumi, usinunue kipoza. Panga feni.

Na kupanga feni si kuzijaza. Nimewahi kufungua kasha lenye feni sita zinazong'aa kama ukumbi wa harusi, zote sita zinavuta hewa ndani. Hakuna hata moja iliyotoa. Feni itazame kwa nyuma: upande ule wenye vikono vinavyoishika mota ndiko hewa inakotokea. Za mbele ziingize, ya nyuma na za juu zitoe. Na kama kasha lako lina kioo kizima mbele bila tundu, ujue umenunua pambo. Mimi mwenyewe ninalo moja, nimelifanya meza ya televisheni.

Kufunga kipoza nako kuna adabu yake. Pesti, punje moja kubwa kama mbaazi katikati, basi. Skrubu zikaze kwa mshazari, kidogo kidogo kwa zamu, kama unavyofunga nati za tairi. Siku ya kukitoa ndiyo ya hatari zaidi, hasa kwa Ryzen za soketi (tundu la prosesa) ya AM4: ukikivuta kikiwa baridi, pesti iliyogandamana inaing'oa prosesa pamoja nacho, na chini yake kuna vipini 1,331. Vikipinda, utakesha usiku na wembe na miwani ya babu. Iache mashine ifanye kazi dakika chache ipate joto, izime, chomoa waya, kisha kizungushe kipoza kushoto na kulia taratibu mpaka kilegee, ndipo uinue. Kwenye AM5, soketi iliyofuata, vipini vimehamia kwenye madabodi, ubao mkuu wa mashine, na hatari imehama navyo: ukiangusha prosesa juu yake umepinda vipini vya madabodi.

Wanaotupimia vipoza kwenye video huwa wamekaa kwenye chumba cha nyuzi 21 hivi. Chumba chako cha Temeke, saa nane mchana mwezi wa pili, kina 31 au 32. Kipoza cha hewa hakitengenezi baridi, kinahamisha joto kulipeleka kwenye hewa ya chumba, kwa hiyo hakiwezi kushuka chini ya chumba chenyewe. Wao wakipata 72, wewe kupata 83 ni kipoza kilekile kinachofanya kazi ileile. Rafiki yako wa Njombe mwezi wa saba ataiunga mashine hiyohiyo na hataona shida yoyote, atakuambia wewe ndiye hujui kufunga. Msikilize, mshukuru, endelea na grafu yako.

RAM. Vipande viwili kwenye madabodi yenye sloti nne huingia sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, si mbili za jirani. Bonyeza mpaka usikie kishikizo kimelia. RAM ya DDR4 (kizazi cha nne) uliyouziwa kama ya kasi ya 3200 huanza ikiwa 2133 au 2400 mpaka uwashe XMP, mpangilio wa kasi yake kamili, ndani ya BIOS (kwenye AM5 utakuta imeitwa EXPO). Mashine ikiganda ovyo, zima hiyo XMP kwanza uishi nayo siku mbili. Ikitulia, umeshaupata mlango wa kuingilia. Kisha weka MemTest86 kwenye flashi uiache ipime usiku kucha. Ikionyesha kosa moja, hilo linatosha. Usiniambie "ni moja tu, fundi." RAM nzima haina kosa hata moja. Pima kipande kimoja kimoja mpaka umpate mwenye hatia.

Ukiunga mashine ya AM5 yenye DDR5, mara ya kwanza skrini inaweza kukaa nyeusi kwa dakika kadhaa. Inapimana na RAM yake. Iache. Kuna bwana mmoja aliizima mara tano akidhani imekufa, na kila alipoizima ilianza upya kupima.

Kwenye umeme, tofautisha kebo. Ya prosesa na ya kadi ya grafiki zote zina pini nane, zinafanana kama mapacha, lakini kazi zao ni mbali kabisa. Kadi kubwa ipe kebo mbili kutoka kwenye pawasaplai, usiikate kiu kwa kebo moja yenye vichwa viwili. Na hili liandike ukutani: kebo zinazochomoka za pawasaplai moja usizihamishie kwenye nyingine, hata zikiingia bila shida. Upande wa pawasaplai kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka. Nimeona diski mbili zikiteketea kwa siku moja kwa kebo iliyoazimwa, na moja ilikuwa na picha za msiba wa baba wa mteja.

Mashine inayozima kila umeme unapokatika, ingawa imechomekwa kwenye UPS, betri ya akiba, mara nyingi UPS ndiyo haiiwezi. Namba ya VA kwenye boksi si wati, wati huwa chache kuliko hizo. Tena UPS za bei ya chini hutoa umeme wa ngazi-ngazi badala ya wimbi laini, na baadhi ya pawasaplai za kisasa hazielewani nao, zinazima palepale. Chomeka kompyuta, chomoa UPS ukutani kwa makusudi huku gemu linaendelea, uone. Kazi yako hifadhi kwanza.

Kuna mara chache ambapo mkosaji si wewe. Mwaka 2024 Intel ilieleza kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za Core, kizazi cha 13 na cha 14, zilikuwa zikiomba voteji kubwa kupita kiasi na kuharibika taratibu. Agosti mwaka huo ikatoa marekebisho yanayojulikana kama 0x129, yanayoingia kupitia BIOS mpya, na ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Ukiuziwa i9-13900K, mojawapo ya hizo, iliyokwisha tumika, kwa bei ya kutupa, uliza kwa nini anaitupa, na ukiichukua sasisha BIOS kabla ya kuweka gemu lolote. Sasisha siku ambayo umeme umetulia. Ukikatika katikati, madabodi inaweza kugeuka ubao wa kukatia vitunguu.

Katika yote haya, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na uandike. Nina daftari la kurasa mia mbili, lenye mafuta ya chipsi na majina ya mashine niliyoyabuni mwenyewe, "Mgonjwa wa Mbagala", "Bibi Bluu". Ukibadilisha RAM, ukaweka draiva mpya na kuongeza feni siku moja, mashine ikapona, hujui kilichoiponya, na ikiugua tena unaanza sifuri.

Huyo Mgonjwa wa Mbagala alikuja mwezi uliopita. Kijana wa chuo, mashine ya wiki tatu, inazima yenyewe usiku tu. Mchana anacheza saa tano bila tatizo. Alishabadilisha pawasaplai, alishaweka Windows upya mara mbili, na nyumbani walishaanza kusema mengine. Nikamuuliza inakufaje, akasema ghafla, kati ya saa nne na saa tano. Nikamwambia HWiNFO iandike joto usiku mzima aniletee faili. Grafu ilikuwa tambarare jioni yote, kisha kuanzia saa nne kasoro ikaanza kupanda kama kilima, taratibu, bila kushuka.

"Saa nne kasoro kunakuwa na nini nyumbani kwenu?"

Akafikiri. Akasema mdogo wake huwa analala saa hizo, chumba kimoja, na taa za kasha zinamsumbua macho. Kwa hiyo mama huja akaifunika mashine na kanga.

Tukaingia kwenye BIOS tukazima taa.