Osasuna 2025/26: Ulaya au katikati palepale?

Kaka, umeuliza kama Osasuna, klabu ya La Liga (ligi kuu ya Hispania), itafuzu mashindano ya Ulaya msimu huu wa 2025/26, maana unataka kuiweka kwenye mkeka wa msimu mzima. Mimi hela yangu nisingeipeleka huko.

Msimu wa 2024/25 walimaliza wa 9 na pointi 52, sawasawa na Rayo Vallecano waliochukua tiketi ya Ulaya. Kilichowaponza ni sare: 16 katika mechi 38! El Sadar, uwanja wao wa nyumbani, wanamsumbua yeyote, Barcelona alikula 4-2 pale, ila ugenini ni timu nyingine kabisa.

Sasa angalia mabao. Mshambuliaji wao Budimir peke yake alifunga 21 kwenye ligi, na alitimiza miaka 34 Julai 2025. Akiumia nyama za paja wiki sita, nani anafunga? Halafu Areso, beki wa kulia aliyekuwa akipandisha mipira, karudi klabu ya Athletic Bilbao. Kocha naye mpya, Alessio Lisci. Aliifikisha Mirandés ya daraja la pili fainali ya mchujo wa kupanda daraja, lakini La Liga hawamsubirii mtu.

Kushuka sioni. Wape nafasi ya 9 hadi ya 13. Ukilazimika kubeti, subiri mechi zao za nyumbani, moja moja.